Wachoma Kitabu na Wapiga Ramli



Pana kitabu kimezua maneno katika baraza zetu za Kariakoo. Ni kitabu cha hadithi za picha, cha Kiingereza, na vijana wetu hukipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao chini, kando ya barabara za mjini. Shujaa wake ni msichana aitwaye Kamala Khan, binti wa Kiislamu, ambaye wazazi wake ni Wapakistani waliohamia Marekani katika mji wa Jersey City. Ana nguvu za ajabu: akitaka hurefuka kama mnazi, na akikunja ngumi huwa kubwa kama pipa. Hadithi zake zaitwa Ms. Marvel. Mfululizo wake ulianza mwaka 2014 kwa kampuni ya Marvel, na hiki kinachogombaniwa ni juzuu ya 6, iliyokusanywa mwaka 2016. Jina lake limeongezewa maneno Civil War II, yaani Vita vya Pili vya Wenyewe kwa Wenyewe. Nyongeza hiyo ya jina ishikeni, maana shughuli yote imo humo.

Hukumu mbili nimezisikia. Ya kwanza ni ya wazee wenzangu, wasemao kitabu kichomwe kwa kuwa ni uongo, tena uongo wa makafiri, na binti mwenyewe avaa nguo ya kubana. Ya pili ni ya vijana wetu waliosoma, wasemao kinunuliwe kwa wingi na kuwekwa madrasa, kwa sababu ati sasa nasi tuna shujaa wetu. Nimewauliza wa huku na wa kule swali moja: Ulysses ni nani? Hakuna aliyenijibu. Basi nikajua kwamba wanaotaka kukichoma hawakukisoma, na wanaotaka kukigawa hawakukisoma vilevile. Mimi nimekisoma ukurasa kwa ukurasa, na mjukuu wangu alinisaidia pale Kiingereza kilipokuwa cha mitaani.

Nianze na wachomaji, kwani kwao sina maneno mengi. Mwasema kitabu ni haramu kwa kuwa kina mambo yasiyokuwa. Je, Utenzi wa Rasi 'lGhuli mwausemaje? Mgeni bin Faqihi aliutunga kwa beti elfu nne na zaidi, wenye mapanga yapasuayo wapanda farasi na mbingu zinazotikisika, na mwaka 1979 Tanzania Publishing House iliupiga chapa hapa hapa Dar es Salaam. Bibi zetu waliusikiliza usiku kucha wakilia, na hakuna aliyesema kwamba imani yao imeharibika. Alfu Lela Ulela je? Na magazeti ya katuni ya miaka ya 1980, Sani na wenziwe, mlipokuwa mkicheka na Ndumilakuwili na Lodilofa alizochora marehemu Philip Ndunguru, mlikuwa mkisoma tafsiri ya Jalalayn? Mtoto wa miaka 12 ajua kwamba mkono wa mtu haurefuki ukavuka barabara. Wasiwasi wangu ni kwa mtu mzima asiyejua tofauti ya hadithi na itikadi.

Na hiyo nguo, ndugu zangu, imeshonwa kutokana na vazi la kuogelea la wanawake wa Kiislamu, lenye mikono mirefu na suruali ndefu, na shingoni ana mtandio. Sisemi kwamba yatimiza sitara, haitimizi. Lakini atokaye Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi, akapita mbele ya maduka ya nguo yenye midoli madirishani, kisha akaja nyumbani kumfokea mtoto juu ya nguo ya Kamala, huyo ana kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Ama hao wagawaji, nao wana furaha ya haraka. Mwandishi wa maneno ya mfululizo ule ni G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu na kuishi Misri, na mhariri aliyelianzisha wazo hili pamoja naye ni Sana Amanat, binti wa Kipakistani wa Marekani. Kwa hiyo kuna mambo wameyaona kwa jicho la ndani. Kaka yake Kamala, Aamir, ana ndevu na huswali sana, na hawakumfanya gaidi, bali wamemchora kama kaka mpole anayempenda dada yake, na hilo kwa vitabu vya Marekani si dogo. Katika sehemu za mwanzo yumo hata sheikh, Abdullah. Binti apelekwa kwake akitazamia kugombezwa, naye amwambia kwamba, ikiwa ameshikilia kuwasaidia watu, basi aifanye kazi hiyo kwa ushujaa, kwa ukweli, kwa huruma na kwa kujiheshimu. Sikuona aibu kwa sheikh huyo. (Pana pahali binti yule alalamikia sehemu ya wanawake msikitini. Hilo lina jibu lake, tena jibu refu, na wala si la leo.) Lakini kusema kitabu kigawiwe madrasa kwa sababu ya jina Khan ni sawa na kununua gunia la mchele kwa kupenda maandishi yaliyo juu yake. Fungueni gunia!

Ndani ya gunia pana nini? Kampuni hii ina mashujaa kwa makumi, na kila mmoja ana mfululizo wake. Kila baada ya muda hutunga hadithi moja kubwa, ikaipitisha katika mifululizo yao yote, kama mto upitao mashamba ya watu wengi. Mwaka 2006 na 2007 ilipita Civil War ya kwanza, ya Mark Millar, ambamo mashujaa waligombana juu ya sheria ya kuwaandikisha serikalini. Mwaka 2016 ikapita ya pili, ya Brian Michael Bendis, na ndiyo iliyoingia katika juzuu hii ya Kamala.

Habari yake ni hii. Yuko kijana wa chuo, jina lake Ulysses, anayepata maono ya mambo yajayo. Mkuu mmoja wa mashujaa, mwanamke aitwaye Carol Danvers, au Captain Marvel, asema: hii ni neema, tuwakamate wabaya kabla hawajafanya ubaya, na damu isimwagike. Mwingine, tajiri Tony Stark avaaye chuma, akataa: mtu hakamatwi kwa jambo ambalo hajalifanya. Hapo hugawanyika makundi mawili, rafiki akapigana na rafiki. Kwa maono ya Ulysses wamvizia adui mmoja mkubwa, na katika vita hivyo akafa James Rhodes, rafiki wa Stark na mpenzi wa Carol. Kwa maono mengine wamwendea mtaalamu Bruce Banner, ambaye akighadhibika hugeuka jitu, na mwenzao mmoja akamuua kwa mshale akiwa amesimama bila kosa. Muuaji akashtakiwa na akaachiliwa. Baadaye Stark achunguza ubongo wa Ulysses, aone kwamba kijana yule haoni ghaibu hata kidogo. Kichwa chake hukusanya habari nyingi mno, kikazipigia hesabu, kikatoa kinachoelekea kutokea. Ni dhana iliyovishwa joho la elimu.

Sasa Kamala. Yeye ampenda Carol tangu utotoni, na hata jina la Ms. Marvel amelirithi kwake. Carol ampa kikundi cha vijana awaongoze, kazi yao kuwakamata watu wa Jersey City ambao Ulysses amewaona kuwa watakosa. Miongoni mwa vijana hao yuko msichana mmoja, Becky, mwenye raha ya kukamata kuliko raha ya kuokoa. Mnamjua mtu wa aina hii, kila mtaa unaye. Wamkamata Josh, kijana waliyesoma naye shule moja, ati atafanya uharibifu shuleni. Hajagusa kitu bado. Wamtia katika jengo walilolifanya mahabusu, hapana hakimu wala mashtaka, wala wakati wa kumwona mama yake. Bruno, rafiki wa Kamala wa tangu utoto na ambaye ndiye aliyekuwa akiitunza siri yake, hakuvumilia. Akatengeneza kitu cha kulipua ukuta ili amtoe mwenziwe, kikalipuka vibaya na kikamwumiza upande mmoja wa mwili. Alipopata fahamu hospitali alimwambia Kamala kuwa urafiki umekwisha, kisha akaondoka kwenda kusoma katika nchi ya kubuniwa ya Wakanda, ambayo watunzi wameiweka huku kwetu Afrika. Binti agombana na Carol aliyekuwa akimwabudu kwa mapenzi, halafu asafiri mpaka Karachi kwa bibi yake akiwa moyo umevunjika. Na katikati ya yote hayo mwandishi ametia kurasa za mwaka 1947, mababu zake Kamala wakiikimbia Bombay wakati India ilipogawanywa, watu wakiuana kwa kushukiana tu, huyu kwa kuwa Mwislamu na yule kwa kuwa Mhindu.

Sasa mmeona kitabu kinahusu nini? Chahusu dhana, na mtu kuadhibiwa kwa dhana.

Nawarudia tena wachomaji, kwani hapa ndipo penye moto wenyewe. Mwasema Ulysses ni shirki, kudai kujua ghaibu. Naam. Lakini mama wa nyumba akipotelewa na mkufu wake wa dhahabu, hapa Kariakoo, huenda wapi? Nisemeshwe nini! Huenda kwa mpiga ramli. Hutiwa maji katika sahani, hufukizwa ubani, hupigwa bao, kisha huambiwa: aliyechukua ni mwanamke, si mrefu, anaingia kwako kila siku. Na anayeingia kila siku ni nani kama si msichana wa kazi, yatima wa watu kutoka Lushoto au Singida? Hufukuzwa usiku bila mshahara, na jina la wizi analibeba mpaka kwao. Baada ya mwezi mkufu huonekana nyuma ya kabati. Aliyekwenda kumtafuta yule mtoto akamwomba radhi ni nani? Na ramli ile ile, katika mikoa ya kanda ya ziwa, imewaua vikongwe kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amwendeaye mtazamiaji akamwuliza jambo, haikubaliwi swala yake siku arubaini. Wangapi miongoni mwa wanaotaka kukichoma kitabu cha Kamala wamo katika siku zao arubaini?

Tusiwaseme akina mama peke yao. Wanaume nao wana ramli yao, na bao lao ni sura ya mtu. Kijana akipita Mtaa wa Kongo amevaa suruali iliyoshuka, nywele amezisokota, mtu mmoja akapiga ukelele wa mwizi, hapana atakayeuliza kaiba nini wala kwa nani. Matofali yatatangulia. Mwanzoni mwa Januari 2015, uvumi wa panya road ulipotapakaa jioni moja Dar es Salaam nzima, watu walifunga maduka na kukimbizana ovyo, na katika siku zilizofuata vijana walikamatwa kwa mamia. Sisemi kwamba wahalifu hawakuwako. Walikuwako, na watu waliumizwa. Nauliza tu: katika mamia yale, wangapi walikuwa akina Josh?

Na nchi yetu hii ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini tangu 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kesi kwa hofu ya atakalolifanya. Ikaja Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi miaka kadhaa, mpaka Juni 2021 mashtaka yalipoondolewa, pasi na hukumu ya kuwa wana hatia wala ya kuwa hawana. Watoto waliowaacha wakitambaa waliwakuta wakisoma. Nyumba za pwani zayajua mambo haya bila kufundishwa na Marvel. Ndiyo maana nastaajabu kuona kitabu kilicholigusa donda letu, nasi tunagombania mtandio.

Najua mwenye elimu atasimama aniambie: Sheikh, mbona dini yenyewe imeamrisha kuziba njia za uovu kabla haujatokea? Hilo ni swali la haki, nami sitalipita upesi. Ndiyo, fukahaa wamesema mtu asimuuzie zabibu ambaye ajua kwa yakini kwamba atazikamua pombe. Lakini tazameni nini kimezuiwa. Kimezuiwa kitendo cha muuzaji. Mnunuzi hakupigwa mijeledi themanini kwa pombe ambayo haijakamuliwa bado! Kufunga mlango wako usiku ni halali, na kuweka mlinzi ni halali, na kumwambia kijana asipite njia fulani yaweza kuwa halali. Kumwadhibu mtu kwa dhambi iliyo mbele ya wakati ni jambo jingine kabisa. Asili ya mwanadamu katika sheria yetu ni kutokuwa na hatia, na anayedai kinyume ndiye wa kuleta ushahidi. Tena Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mja akinuia ovu kisha asilifanye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, huandikiwa jema kamili. Basi yule aliyemkamata Josh asubuhi, amejuaje kwamba mchana Josh asingegeuka akaandikiwa jema? Amemnyang'anya mwenziwe toba kabla ya wakati wake.

Usama bin Zayd (R.A.) alimuua mtu vitani baada ya kuitamka shahada, akidhani ameitamka kwa hofu ya upanga tu. Mtume alimkaripia karipio ambalo Usama alitamani lau angesilimu siku ile na si kabla, akamwuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu akauona. Na Sayyidna Umar (R.A.), imesimuliwa, alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi, na mtu yule akamwambia kuwa yeye amekosa moja lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia kwa nyuma, na hakutoa salamu. Umar akarudi zake. Huyo alikosa kweli, na bado!

Lakini hoja kubwa kuliko zote imo katika Suratul Kahf, ambayo twaisoma kila Ijumaa na tusifike mahali pake. Khidhr alimuua kijana kwa kuwa alijua kwamba akikua angewatia wazazi wake katika ukafiri na ujeuri. Hapo Carol Danvers angesema: mwaona, hata Kitabu chenu chaniunga mkono. Na swali hilo liliulizwa zamani, karne ya kwanza ya Hijra. Najda, mkuu wa Makhawariji, alimwandikia Ibn Abbas (R.A.) kumwuliza habari ya kuua watoto wa maadui, na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Ibn Abbas alimjibu asiwaue, ila kama amepata kuijua elimu aliyoijua Khidhr juu ya yule kijana. Yaani mlango umefungwa, na ufunguo wake hauko duniani. Khidhr mwenyewe alisema hakufanya kwa amri yake. Na Nabii Musa (A.S.), mwenye sheria mkononi, alipinga papo hapo kwa dhahiri ya jambo, kwa sababu kazi ya mwenye sheria ni hiyo.

Mnaona basi penye upungufu wa kitabu cha Kamala? Binti amegeuka kwa sababu gani? Kwa sababu rafiki yake ameumia. Na Stark katika kitabu kile kikubwa apinga kwa sababu gani? Kwa sababu hesabu za Ulysses zaweza kukosea. Hoja hizo zote ni za kweli, ila ni fupi. Je, lau Ulysses hakosei abadani? Lau Bruno asingeumia? Wao hawana jibu, hesabu ikinyooka wamekwisha. Sisi tunalo. Vitabu vya tarehe vyasimulia kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alimtambua Ibn Muljam kuwa ndiye atakayemwua, akaambiwa amkamate, akakataa kwa kuwa mtu yule alikuwa bado hajafanya lolote. Akauawa mwaka 40 wa Hijra. Hapo hesabu ilikuwa sahihi, na bado hakumfunga. Na ninyi mwauona mkono wa Kamala tu, ulivyo mrefu!

Pana lawama ambayo kitabu hiki chaistahili kwelikweli, na sijaisikia barazani. Ni biashara yake. Kitabu chasimama katikati ya hadithi kama daladala iliyoharibika. Kwa nini Carol ana uchungu kiasi kile? Kwa sababu ya Rhodes, na Rhodes amekufa katika kitabu kingine. Ulysses ametoka wapi? Kitabu kingine. Ilibainikaje kuwa maono ni hesabu tu? Kitabu kingine. Swali zito la kuwafunga watu wasiokosa limekatwa vipande kama nyama buchani, na kila pande lina bei yake. Shahrazad naye aliikata hadithi kila alfajiri, lakini alikuwa akiokoa shingo yake. Marvel yaokoa nini? Mtoto wa Marekani mwenye fedha hununua vyote. Mtoto wa Kariakoo, alichokipata kwenye mitumba ndicho hicho hicho, juzuu ya 6 bila ya 5 wala ya 7, na ukurasa mmoja umechanika.

Na tazameni dhara yake. Sehemu iliyo nzito kuliko zote katika habari ya Josh haimo kabisa katika juzuu hii. Imo katika juzuu ya 8, yenye masimulizi ya 2017, ambayo wameipa jina la Mecca. (Jina hilo nalo wamelichukua bila hodi, lakini tuyaache.) Humo mji wa Jersey City umetekwa na watu wa chuki, na Aamir, yule kaka mwenye ndevu, akamatwa kwa kuwa si wa kuaminiwa. Na miongoni mwa wanaowawinda Kamala na wenzake yuko mmoja aliyevaa kinyago, ajiitaye Discord, yaani Fitina. Kinyago kikivuliwa, uso ni wa Josh. Walimfunga kwa ubaya ambao hakuufanya, wakaiharibu njia yake ya maisha, na uchungu ule ukamfanya kuwa mbaya kweli. Ramli imejitimiza yenyewe. Yule msichana wa kazi aliyefukuzwa usiku kwa mkufu usioibwa, aliyelala stendi siku tatu kwa kukosa nauli, mwajua alipoishia?

Wazazi wawili walinijia wiki iliyopita, baba na mama, na kitabu chenyewe mkononi kimefungwa katika gazeti kama bangi. Kijana wao ana miaka 13. Wakaniuliza wakifanyeje. Nikamwambia baba amrudishie mtoto kitabu chake, akae naye wasome pamoja, amwulize Josh alikosa nini mpaka mtoto achoke kujibu, kisha amfungulie Suratul Kahf. Na nikamwambia, kama ana uwezo, amtafutie na ile juzuu ya 8. Mama alikuwa amenyamaza muda wote. Walipokwisha kuvaa viatu ndipo akarudi peke yake, akaniuliza kwa sauti ya chini mtu akitaka kumpata msichana aliyemwondoa kazini miaka mitatu iliyopita, aanzie wapi. Nikamwambia aanze kwa balozi wa nyumba kumi wa kijiji cha yule binti, na aende na mshahara wake wote.